LinuxCNC (programu ya kuendesha mashine za CNC) kwa Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya bodi moja), mota zinaruka hatua, naomba ushauri

Wadau habari zenu, niko Kibuye hapa Kisumu, tunachonga milango na mashine ya CNC (inayoongozwa na kompyuta) tuliyojiundia, sasa ile kompyuta ya zamani yenye paraleli poti (tundu la zamani la kuunganisha mashine) imekufa nikahamia Raspberry Pi 4. Shida palsi (mipigo ya umeme inayosogeza mota hatua kwa hatua) zikitoka moja kwa moja kwa pini za Pi, mota ikienda mbio inaruka hatua na mchoro unahama, na kaneli (kiini cha Linux) ni ile ya PREEMPT_RT kabisa, ya kazi zinazotaka muda sahihi. Kadi ya Mesa 7i96 inaingia kwa Etheneti na inatengeneza palsi yenyewe, naona hiyo ndio njia ya maana lakini pesa ngumu na kazi za wateja zimelala. Mwenye ametumia aniambie, ninunue kadi ama nitafute kompyuta ingine ya mtumba? Na stima ikipotea ghafla memori kadi ya Pi haiharibiki?