Iguana wa bluu wa Grand Cayman: alistahili kushushwa daraja la hatari?

Naleta hoja, anayenipinga anipinge. Mwaka 2012 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ilimtoa iguana wa bluu (mjusi mkubwa) wa kisiwa cha Grand Cayman, huko Karibi, kwenye kundi la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka, ikamshusha hadi kundi la walio hatarini. Mimi nasema waliharakisha.

Tukumbuke alikotoka. Mwaka 2002 ilikadiriwa kuwa porini wamebaki kati ya 10 na 25. Kilichomnusuru ni mradi ulioanzishwa mwaka 1990 na National Trust, shirika la uhifadhi la Visiwa vya Cayman. Watoto hulelewa vizimbani kwa takriban miaka miwili, hadi wawe wakubwa kiasi cha kumshinda paka, ndipo huachiwa kwenye hifadhi kama ile ya Salina. Ukimwona mmoja kwa karibu utakuta shanga za rangi zimetungwa kwenye miiba ya shingo yake, maana kila mmoja ana mpangilio wake wa rangi wa kumtambulisha. Kufikia 2018 walioachiwa walifika 1,000. Kazi hiyo naiheshimu sana.

Ila idadi hiyo imejengwa na mikono ya watu. Paka na panya wangali wanawinda watoto, mbwa na magari wangali wanaua wakubwa. Watetezi wa uamuzi ule husema iguana hawa wameonekana wakizaliana porini. Ni kweli, lakini yai kuanguliwa ni jambo moja, na mtoto kuishi hadi naye atage ni jambo jingine kabisa.

Kuna pia suala la uainishaji. Hadi 2004 alihesabiwa kuwa nususpishi, yaani tawi tu la spishi, ya iguana wa Kuba, kisha mtafiti Frederick Burton akampandisha kuwa spishi kamili, Cyclura lewisi. Naunga mkono hatua hiyo, ila sikubaliani na wanaodai kuwa ndiyo iliyomwokoa. Mradi ulikuwa na miaka 14 tayari! Tena ndugu yake wa visiwa jirani vya Little Cayman na Cayman Brac bado ni nususpishi, na IUCN hiyohiyo imemworodhesha kuwa hatarini kabisa.

Kwa hiyo nawauliza mnaotetea uamuzi wa 2012: vizimba vikifungwa leo na paka wakaachwa walivyo, mnaamini iguana hawa watajaza hifadhi wenyewe? Kama ndiyo, mnategemea ushahidi gani?