Nimeandika "conflict of interest" nikimaanisha ugomvi, nijinasue vipi?

Mpole wa Buza: Wakuu, habari za jioni. Nipo kampuni binafsi hapa Dar, idara ya manunuzi. Mimi na bosi wangu hatuivi chungu kimoja tangu mwaka uanze. Juzi alinigombeza mbele ya wenzangu, nikaona yamenifika shingoni, nikaandika barua pepe kwa watu wa HR. Kwetu maandishi yote ya ofisi ni Kiingereza. Nikaandika: "There is a conflict of interest between me and my supervisor." Nilimaanisha tunagombana, basi. Leo wamenijibu nijaze fomu ya kutangaza maslahi kabla ya Ijumaa, na nakala imekwenda kwa mkaguzi wa ndani. Chakula hakipiti. Ningetumia neno gani, na niwaelezeje kuwa ni lugha tu?

Ticha Mstaafu: Pole mwanangu. "Conflict of interest" haihusu watu wawili kugombana. Ni mtu mmoja aliyebeba maslahi mawili, ya mwajiri na ya kwake, na ya kwake yanaweza kupindisha uamuzi. Ulichotaka ni "disagreement". Unakuwa na "disagreement with" mtu, "about" au "over" jambo. "Quarrel" ni ya maneno, kwa kawaida kati ya watu wanaojuana, na ukiiandika kwenye barua ya kazi unaonekana mgomvi. "Argument" ichunge, maana kwenye insha ni hoja na sebuleni ni mabishano. "Fight" usiiguse kabisa: mume na mke wa Kiingereza wakisema "we had a fight" huenda hakuna aliyeinua mkono, ila HR wa hapa atauliza nani alianza kupiga. Malalamiko rasmi dhidi ya bosi ni "grievance".

Binti Kagera: Ticha umenikumbusha Kampala. Kule utasikia "the boss quarrelled me", yaani bosi kanigombeza. Mimi nikaibeba hivyo hivyo hadi kwenye ripoti ya mradi, meneja kutoka Uingereza akairudisha na alama nyekundu. Kwao ni "quarrel with", na lazima wote wawili mjibizane. Kugombezwa wanasema "he told me off". Nilikasirika sana, maana ofisi nzima ilinielewa isipokuwa yeye.

Wakili Kijana: Tuache sarufi, twende kwenye sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatenganisha "complaint" na "dispute of interest". "Complaint" ni mgogoro unaotokana na sheria ya kazi, mkataba au makubaliano yaliyopo. "Dispute of interest" ni mgogoro mwingine wowote, kama wafanyakazi kudai nyongeza ambayo haimo kwenye mkataba, na huo ndio mnaoruhusiwa kuugomea mkifuata taratibu. Wakikuachisha kazi isivyo halali, una siku 30 kufika CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Zikipita, utaanza kwa kuomba kuongezewa muda.

Mpole wa Buza: Asante wakili, ila sijafukuzwa. Nataka sentensi ya kuwajibu.

Mama Wawili: Kaka, mimi nimekaa ofisini miaka mingi. Neno moja kukosewa halipelekwi kwa mkaguzi. Mligombania nini hasa?

Mpole wa Buza: Mambo ya kazi tu, dada.

Mama Wawili: Kazi ipi?

Mpole wa Buza: Kuna profoma, yaani hati ya bei kutoka dukani, ya vifaa vya ofisi aliikataa. Ilikuwa ya bei ya chini kuliko zote, nikamwambia anaihujumu kampuni. Mwenye duka ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Sikuficha, hakuna aliyeniuliza. Na msinihukumu, bei ilikuwa chini kweli.

Ticha Mstaafu: Basi neno uliloandika lilikuwa sahihi. Bei kuwa ya chini hakuondoi undugu.

Mzee wa Misikiti: Vijana, riziki ya ndugu isije ikawa fitina ya kazi. Mwambie mwajiri ukweli, Mungu atakufungulia.

Jicho la Tatu: Hii chai. Mtu anakosea neno, halafu neno hilo hilo linaangukia kwenye kosa lake? Na sentensi yenyewe haina kosa hata moja la sarufi. Huyu ni HR anatupima, au mwandishi anatafuta hadithi.

Binti Kagera: Mimi naona inawezekana. Neno hilo linatajwa kwenye kila semina ya manunuzi. Litakuja mdomoni lenyewe.

Mpole wa Buza: Jicho la Tatu, sina muda wa kutunga. Sarufi ni sahihi kwa sababu nimeajiriwa kuandika barua. Nililisikia neno hilo semina, nikajua "conflict" ni mgogoro na "interest" ni maslahi, nikaona mimi na bosi maslahi yetu yamegongana. Jibu langu lipo tayari, linasema "language error" na linaishia hapo. La shemeji sioni kwa nini niliingize.

Wakili Kijana: Usitume hilo! Ukiandika "language error" leo na undugu ukajulikana kesho, umetoa maelezo ya uongo kwa maandishi. Hapo bosi hana haja ya kugombana nawe tena.

Mama Wawili: Fomu ni fomu, malalamiko ni malalamiko. Jaza fomu kwanza, taja undugu, sema hukushiriki uamuzi kama kweli hukushiriki. Kisha barua ya pili: "I wish to raise a grievance about how I was spoken to in front of colleagues." La bosi kukudhalilisha linabaki kosa lake hata kama profoma ni ya shemeji.

Mpole wa Buza: Nimempigia shemeji aondoe profoma. Kanikatia simu, na mama watoto kanuna, leo tunalala mzungu wa nne. Fomu nitaijaza kesho asubuhi. Ile ya pili bado naogopa.

Ticha Mstaafu: Iandike usiku huu huu, futa majina, iweke hapa. Nitaipitia kabla hujaenda kazini.