Gari linapiga stata nzito au linakataa kuwaka: tupeane uzoefu, kosa lilikuwa wapi?

MwendoPole
Wakuu, nafungua uzi huu nikiwa na betri mbili na aibu moja. Betri moja iko garini, nyingine iko stoo, na zote ni nzima.

Ilianza asubuhi moja. Nikazungusha funguo, stata ikajikokota kama mtu aliyeamshwa usiku wa manane: nyuu... nyuu... nyuu, ndipo injini ikashika. Kesho yake ikawa nzito zaidi. Siku ya tano ikagoma. Betri ilikuwa imefikisha miaka minne, nikasema hii sasa imekula chumvi ya kutosha, nikanunua mpya. Gari likawaka kwa mguso mmoja, nikatembea kifua mbele. Wiki haijaisha, nyuu nyuu ikarudi, na betri mpya juu!

Basi nikaihukumu stata. Nikaifungua, nikampelekea fundi. Akaifumua mbele yangu: kaboni, vile vipande vinavyopitisha umeme kwenye stata inayozunguka, bado ndefu, bushi hazijalika. Akaifunga, akanirudishia mkononi. "Hii umeionea tu. Katazame ethi."

Waya wa ethi wangu unatoka kwenye hasi ya betri, unafungwa kwenye bodi, kisha unateremka hadi gia boksi. Pale kwenye bodi nati ilikuwa imekaza sawasawa, ndiyo maana mara zote nilikuwa naipita. Nilipoilegeza nikakuta chini ya ile pete ya shaba kuna unga wa kijani na kutu. Nikachana plastiki ya waya sentimita chache, nyuzi za ndani zilikuwa nyeusi tii. Waya mpya, chuma kikasuguliwa hadi kikang'aa, na stata ikazunguka kwa kasi hadi nikashtuka.

Sasa na wewe tuambie: gari lilikuonyesha dalili gani, ulidhani nini, na mwisho wa siku ikawa nini? "Nenda kwa fundi" haihesabiki kama jibu, huko tunakwenda wote.

SpanaKumiNaTatu
Mkuu, mimi ni fundi umeme wa magari na kisa chako nakutana nacho kila mara. Watu wanapima waya wa ethi kwa ohm, yaani ukinzani wake, testa inasema mzima, wanaendelea na safari. Testa inapitisha mkondo mdogo mno. Hata zikibaki nyuzi mbili tatu zisizokatika itasoma vizuri. Stata ya gari dogo inavuta ampea 100 hadi 200, na hapo ndipo waya mbovu unaumbuka.

Pima hivi. Testa iwe kwenye volti za DC. Chomoa relei au fyuzi ya pampu ya mafuta ili injini isiwake. Ncha moja igusishe kichwa chenyewe cha hasi cha betri, si kibanio kinachokizunguka, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Mwenzako apige stata sekunde chache. Ikisoma zaidi ya volti 0.2, ethi ina tatizo. Kisha pima upande wa chanya, kutoka kichwa cha betri hadi bolti nene ya stata; hapo mimi navumilia mpaka 0.5.

Na kabla ya yote hayo pima betri ikiwa imetulia. Volti 12.6 imejaa, 12.2 imebaki kama nusu. Stata ikipigwa isishuke chini ya 9.6. Ikishuka, ama betri ni dhaifu ama stata inavuta kupita kiasi. Ila ukiona betri inasoma 11 na zaidi huku stata inajikokota, iache betri kabisa. Umeme unakwama kwenye nyaya au ndani ya stata yenyewe.

KimyaKingi
Yangu fupi. Gari la otomatiki, taa za dashibodi zinawaka zote, nikizungusha funguo kimya, hata "tik" hakuna. Nimebusti kwa betri ya gari jingine mara tatu. Shemeji akaingia, akahamisha gia kutoka P kwenda N, likawaka. Swichi ya gia, ile inayoruhusu stata kupiga gia ikiwa P au N tu, ilikuwa haisomi tena kwenye P. Mpaka leo akiniona anacheka.

Mama Mapacha
Mimi tabu yangu ilikuwa na kalenda: kila Jumatatu. Katikati ya wiki gari halina shida, ila likilala kuanzia Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi ni tik-tik-tik-tik mfululizo na taa zinafifia. Mafundi wakanibadilishia altaneta, ile inayochaji betri, ingawa nilishawaambia kwamba injini ikiwaka testa inasoma volti 14.2, yaani inachaji. Nikapigwa tena Jumatatu iliyofuata.

Ni binti yangu aliyenitoa gizani. Akaiweka simu ndani ya buti ikirekodi video, akafunga. Tulipoitazama ile video, buti limefungwa na mle ndani ni mchana kweupe! Kale kaswichi ka taa kalikuwa kamekwama. Fundi aliyekuja kukabadilisha alipima kwanza akakuta ampea 0.8 zinatoka gari likiwa limezimwa. Nikapiga hesabu mwenyewe: Ijumaa saa kumi na mbili jioni hadi Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi ni saa 60. Mara 0.8 ni ampea-saa 48. Betri yangu ni ya ampea-saa 50.

SpanaKumiNaTatu
Dada, hesabu hiyo naiiba. Gari la kawaida likishalala halitakiwi kuzidi ampea 0.05. Ila wanaotaka kupima wenyewe wangoje kama nusu saa bila kufungua milango, kwa sababu kompyuta za gari zinachelewa kulala na utasoma namba ya uongo. Na tafadhali, testa ikiwa imeungwa katikati ya betri na waya wake kupima ampea, usipige stata. Fyuzi zake nyingi ni za ampea 10.

Nyundo Moja
Mnajisumbua. Stata ikigoma, gonga na spana ya tairi, piga tena, ondoka.

SpanaKumiNaTatu
Inasaidia kaboni zikiwa zimelika, yaani ukizungusha funguo unasikia "TAK" moja nzito kisha kimya. Unazitikisa, zinagusa tena. Lakini stata nyingi za siku hizi zina sumaku za kudumu ndani, na sumaku hizo zinapasuka. Gonga taratibu, uende moja kwa moja kuzibadilisha.

Nyundo Moja
Miezi mitatu nimegonga 😅. Siku ya mwisho niligonga kwenye foleni, magari yanapiga honi nyuma, haikuamka. Kaboni zilikuwa zimeisha hadi waya. Haya, nimekubali.

Ng'ambo ya Mto
Naandika hii kwa uchungu kidogo. Nilipita kwenye maji yaliyojaa barabarani, yakafika usawa wa taa, injini ikazima. Nikapiga stata: "tok!", ikasimama kama imegonga ukuta. Nikadhani betri imelowa. Nikabusti, nikapiga tena, na tena, na tena.

Maji yalikuwa ndani ya silinda, na maji hayakandamiziki kama hewa. Fundi alipofungua plagi na kuzungusha injini yakaruka juu kama bomba. Akaniambia ningeacha baada ya ile "tok" ya kwanza huenda ingetosha kuyatoa na kubadilisha oili. Rodi moja ya pistoni ilishapinda. Injini yote ikashuka chini.

Jioni Njema
Pole sana, ndugu yangu.

Wenzangu mnalia nzito, mimi stata yangu siku moja iliamka NYEPESI. Inazunguka wiiiii bila ile kupanda na kushuka ya sauti, kama haina mzigo, na injini haishiki. Nikafurahia betri. Kumbe mkanda wa taimingi umekatika, valvu hazifungi kwa wakati, hakuna kinachokandamizwa. Bahati nilikuwa na uvivu, nikapiga mara mbili tu. Kwenye baadhi ya injini ukiendelea pistoni inakutana na valvu.

MwendoPole
Asanteni sana, uzi umenona kuliko nilivyotarajia. Swali la mwisho kwa fundi: ile betri yangu ya zamani iliyoko stoo, iliyofukuzwa bila kosa, ina miezi mitano pale. Si nitaiweka tu kama akiba?

SpanaKumiNaTatu
Miezi mitano bila chaji? Betri inajimaliza yenyewe hata ikikaa tu, na ikikaa ikiwa tupu sahani zake zinaganda salfeti. Kaipime sasa hivi.

MwendoPole
11.9.

SpanaKumiNaTatu
Iweke chaji ya polepole usiku kucha, kesho uipime tena baada ya kuiacha itulie saa kadhaa. Na pale juu futa neno "nzima".