Tawi la Iringa halifungui mfumo wa Mbeya, kampuni mbili zinasukumiana mpira

StooMwanjelwa:
Wakuu, habari za jioni. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwanjelwa na tawi Kihesa, Iringa. Mfumo wa mauzo upo kwenye kompyuta ya Mbeya, faiba ya kampuni A, IP ya kudumu (anwani ya mtandao isiyobadilika). Kihesa wanatumia kampuni B. Mwaka mzima mambo shwari. Tangu Jumamosi ukurasa wa kuingia unafunguka, lakini wakigusa orodha ya bidhaa kiduara kinazunguka weee mpaka basi. Shemeji anaandika risiti kwa mkono. Saruji mifuko 40 imetoka na mfumo haujui. Cha ajabu, akiunga kwa simu yenye laini ya kampuni nyingine, unafunguka. A wanasema tatizo liko B, B wanasema niwaulize A. Nianzie wapi?

MzeeWaUyole:
Zima ruta, hesabu mpaka kumi, washa.

StooMwanjelwa:
Mzee wangu, nimeizima mpaka swichi inataka kung'oka.

Baridi_ya_Njombe:
Kebo ya intaneti ya baharini imekatika hiyo, kama Mei 2024.

FundiWaya:
Ingekuwa kebo tungelia wengi, sio duka moja. Mkuu, aliyeko Kihesa apige ping (amri inayopima muda wa kwenda na kurudi), halafu tracert (inayoorodhesha vituo vya njiani) kwenda IP yako. Na wewe piga kuelekea kwao, maana njia ya kwenda na ya kurudi si lazima ziwe moja.

StooMwanjelwa:
Shemeji kanisomea kwa simu. Ping inajibu, ila zamani ilikuwa milisekunde 25 hivi, sasa 188. Tracert mistari mitano haizidi 23, wa sita unaruka mpaka 171 na jina lake lina "london". Ya huku kwangu nayo hivyohivyo. London imetoka wapi?

FundiWaya:
Hapo ndipo penyewe. Kampuni zetu hukutana Dar, ama kwenye TIX, kile kituo cha kubadilishana trafiki kilichopo tangu 2004, ama kwa waya wao wenyewe. A na B wakiacha kupeana njia pale, pakiti (kipande cha data) ya kutoka Kihesa inapanda mpaka Ulaya ndipo irudi Mwanjelwa. Ila kuchelewa peke yake hakugandishi ukurasa. Mwambie apige `ping -f -l 1472` na IP yako, yaani pakiti ya baiti 1472 isiyoruhusiwa kukatwa vipande, halafu 1412.

StooMwanjelwa:
1472 kimya kabisa. 1412 inajibu.

FundiWaya:
Basi njia hiyo mpya ina mahali pembamba, na ruta ya hapo inayopaswa kukuambia "pakiti ni kubwa" imezibwa mdomo. Ukurasa wa kuingia ni mdogo, unapenya. Orodha inajaza pakiti, inapotea. Jumlisha baiti 28 za vichwa vya pakiti kwenye 1412, weka MTU (ukubwa wa mwisho wa pakiti) 1440 kwenye kompyuta yenye mfumo. Upande mmoja unatosha. Kisha watumie A na B tracert zote mbili kwa barua pepe, uwaombe zifike kwa watu wa mtandao. Wa huduma kwa wateja atakurudisha kwenye ruta.

Mnyalu_Gangilonga:
Nimejifunza kitu. Mimi ningeshabadilisha kampuni.

StooMwanjelwa:
Mrejesho: MTU nimeweka, shemeji kanitumia picha ya risiti imetoka kwenye printa, saruji tunaiingiza usiku huu. Ping bado 188. B wamenipa namba ya tiketi na wamekiri njia yao na A ilibadilika. A wamejibu pia: nizime ruta, nihesabu mpaka kumi.

MzeeWaUyole:
Si niliwaambia?