Vijikaratasi vya "uchambuzi" wa hadithi fupi vinatuharibia watoto!

Jamani, nani anayeandika hivi vijikaratasi vinavyorundikwa kwenye vibanda vya fotokopi kuanzia Kondele hadi Kakamega? Mzazi anatoa hela, mtoto anakesha akikariri, kisha akipewa dondoo kwenye mtihani anabaki kutazama dari.

Chukueni huo wa "Mkufu" wa Guy de Maupassant, hadithi ya 1884. Chini ya "Msuko" kuna aya tatu: Mathilde alialikwa karamu, akaazima mkufu, ukapotea, wakalipa deni miaka 10. Huo ni muhtasari! Msuko ni jinsi hili linavyozaa lile. Mathilde anatoka mbio kwenye karamu ya wizara kwa sababu mumewe amemtupia begani nguo za kila siku huku wanawake wengine wakijitanda manyoya ya bei. Anaona haya, hataki kungoja gari ndani, wanashuka hadi mto Seine wakitetemeka kwa baridi. Wakifika nyumbani, shingo tupu.

Kipimo chake ni rahisi. Mwanafunzi aandike sentensi nane, na kuanzia ya pili kila moja iwe na "kwa sababu" au "kwa hiyo". Akikwama kwenye ya nne, arudi kwenye hadithi yenyewe, si kwenye kijikaratasi.

Kinachoudhi zaidi ni vilivyorukwa. Barua haikutajwa kabisa! Mume ndiye anayemwambia Mathilde amwandikie rafiki yake Bi. Forestier, mwenye mkufu, kwamba kifungo cha mkufu kimevunjika na kinatengenezwa. Pale ndipo wanapojifunga: kabla ya barua wangeweza kukiri, baada yake wanatafuta mkufu wa faranga 36,000. Kiangaza mbele, yaani dalili za mapema za yatakayotokea, nacho wameandika "hakuna". Hakuna vipi? Bi. Forestier anakubali kuazimisha "almasi" bila kusita hata kidogo. Sonara ambaye jina lake limo ndani ya kisanduku anasema hakuuza mkufu ule, yeye alitoa kisanduku tu. Na mkufu mpya ukirudishwa, mwenyewe hafungui hata kutazama. Dalili tatu, zote wazi, kwamba mkufu ulioazimwa ulikuwa bandia, jambo linalofichuka mwishoni, halafu mtoto anafundishwa kuandika kwamba mwisho ni "sadfa ya ghafla".

Mandhari: "Paris, Ufaransa." Basi. Mtoto atapata alama gani hapo? Mandhari ni mahali, wakati na hali ya maisha, na lazima yafanye kazi. Yaulize: ukiyaondoa, nini hakitatokea? Bila mume kuwa karani mdogo, mwaliko wa wizara usingewatikisa. Bila chumba cha darini walichohamia kwa sababu ya deni, tusingemwona akipandisha maji ngazi kwa ngazi, akisimama kila ghorofa kuvuta pumzi.

Wahusika ndio vichekesho. "Mathilde: mrembo, mwenye tamaa." Urembo ni wasifu wa sura, hauelezi tabia. Tamaa ipo, lakini kila sifa idai tendo au kauli: faranga 400 za gauni, ambazo mumewe alikuwa ameziweka anunue bunduki ya kuwindia. Halafu kwa nini waishie hapo? Deni likija, anamfukuza mtumishi, anafua, anasugua masufuria, anabishana sokoni kwa kila senti. Huyo ni mvumilivu na jasiri. Ni mhusika duara, anabadilika, na mwanafunzi asiyeonyesha pande zote mbili amechambua nusu ya mtu.

Dhamira, yaani ujumbe mkuu wa hadithi, wameandika "tamaa ni mbaya". Ijaribu kwa mwisho wa hadithi: kama somo ni tamaa tu, kwa nini mkufu uwe bandia, wa faranga 500 kwa wingi? Mkufu wa kweli pia ungemwadhibu mwenye tamaa. Sentensi ya dhamira isiyoeleza mwisho haijakamilika. Afadhali iseme kwamba kuogopa kuaibika mbele ya matajiri kulimla Mathilde ujana wake wote kwa kitu ambacho hakikuwa na thamani. Umaskini, matabaka na ndoa wayaweke kwenye maudhui, yaani mambo yanayozungumziwa, kila kimoja na tukio lake.

Mwandishi wa hicho kijikaratasi kama yumo humu, ajitokeze atuambie: hadithi aliisoma, au alinakili kijikaratasi cha mwenzake?