Naombeni ushauri: MCA India, huu mtihani wa NIMCET unanihusu kweli mimi Mtanzania?

Mlandizi Junior
Habari zenu wakuu. Nimepekua nyuzi za zamani za India, karibu zote ni udaktari na famasia. Za kompyuta sijaziona, ndiyo maana nafungua huu.

Nina shahada ya TEHAMA ya miaka mitatu, nimemaliza mwaka juzi na GPA ya 3.6. Kidato cha sita nilisoma PCB (fizikia, kemia, biolojia), kwa hiyo hisabati yangu ni BAM, ile ya msingi, na chuoni tukasoma Hisabati Bainifu na Takwimu. Sasa hivi nipo dukani Kariakoo, kazi yenyewe ni kuweka Windows na kuuza chaja. Nataka MCA, ile masta ya matumizi ya kompyuta.

Kuna wakala kaniambia vyuo vizuri vya serikali kule, wanaviita NIT, hupati bila kufaulu mtihani wa NIMCET, na yeye ana darasa la maandalizi la miezi mitatu. Ada laki tisa. Nimeshatanguliza laki mbili. Nikapakua mtihani wa zamani nijipime: swali la kwanza tu wanakupa duara na parabola, utafute mstari unaovigusa vyote viwili. Nimekaa nalo nusu saa. Mteja alipokuja kuulizia mausi nilishukuru Mungu.

Naomba kujua: mtihani huu ni lazima? BAM inatosha? Na kuna njia ya udhamini?

Kaka wa Pune
Mdogo wangu, simama hapohapo, usitoe hata mia nyingine.

NIMCET ni ya raia wa India. Ndiyo mlango wa MCA kwenye NIT za Warangal, Tiruchirappalli, Surathkal, Allahabad na kadhalika, hilo wakala wako hajadanganya. Alichokuficha ni kwamba mlango huo si wako. Wewe ni mwanafunzi wa kigeni, na wageni wana dirisha lao. Tangu 2022 mamlaka ya vyuo vikuu kule, UGC, imeruhusu vyuo kuongeza nafasi za wageni hadi asilimia 25 juu ya zile za kawaida, na nafasi hizo hazipitii mitihani ya kitaifa. Chuo kinaangalia vyeti vyako. Chuo Kikuu cha Delhi, kwa mfano, kina ofisi maalumu ya kusajili wageni.

Nimeishi chumba kimoja na Mhindi aliyekuwa anajiandaa na NIMCET, nikaona mateso yake. Maswali 120 kwa saa mbili. Hisabati peke yake maswali 50 kwa dakika 70, yaani sekunde 84 kwa swali. Swali la hisabati ukilipatia unapewa alama 12, ukilikosa wanakukata 3. Alikuwa anaamka saa kumi alfajiri, anaweka saa ya simu mbele yake, ikilia anaacha swali hata kama limebaki mstari mmoja. Sasa mtu akuchukulie laki tisa akufundishe hayo, halafu fomu yenyewe huruhusiwi kujaza!

Hesabu Kali
Mkuu hapo juu kamaliza, ila niongeze kuhusu BAM maana wengi wanajikwaa hapo.

Masharti ya AICTE, wale wanaosimamia kozi za ufundi, ni haya: uwe na BCA (shahada yao ya kwanza ya matumizi ya kompyuta) au shahada ya kompyuta inayolingana nayo, au shahada nyingine yoyote, na vizuri uwe umesoma hisabati ngazi ya kidato cha sita au chuoni, na ufaulu usiopungua asilimia 50. Wasio na msingi wa hisabati wanapewa kozi ya kuziba pengo. Kwa hiyo wewe wa TEHAMA unaingia kwa mlango wa kwanza. Baadhi ya vyuo vinataka asilimia 60, soma masharti ya kila kimoja.

Tatizo lako si BAM, ni GPA. Mhindi ukimwambia 3.6 anadhani ni kati ya 10, anaona umefeli vibaya. Nenda kwa msajili wa chuo chako, omba barua inayoeleza kwamba kipimo chetu kinaishia 5 na alama zako ni sawa na asilimia ngapi. Omba mapema, unajua ofisi zetu.

Halafu hisabati usiitupe. Hata ukiingia bila mtihani, muhula wa kwanza una hisabati bainifu na algoriti, na darasani utakaa na hao hao waliokesha na NIMCET.

Bi Mkubwa wa Kisauni
Mwanangu, mimi niko Mombasa, binti yangu alikwenda kwa udhamini wa ICCR, ule wa serikali ya India, sikulipa ada hata shilingi. Wanapokea maombi kwenye lango lao la mtandaoni, A2A, bure kabisa, huhitaji wakala. Unachagua vyuo hadi vitano na unaandika insha ya maneno kama 500 kwa Kiingereza. Wa uzamili wanapewa rupia 20,000 kwa mwezi za matumizi, na kodi ya nyumba kando. Umri usizidi miaka 30.

Insha yake ya kwanza alisifu India mwanzo mwisho, kama anaandikia harusi. Nikamwambia hawa wanajua nchi yao ni nzuri, waambie wewe utafanya nini. Akaandika upya kuhusu bandari na makaratasi ya mizigo yanavyopotea. Ikapita.

Bima ya afya ni lazima. Na kadi ya homa ya manjano msafiri aiweke pamoja na pasipoti, si kwenye sanduku. Kwa abiria wa Kenya hawana mchezo na hiyo.

Mzee wa Ubungo
Nyote mnaisifia MCA tu. Swali langu: akirudi na MCA hapa nani anaijua? Tangazo la kazi linasema masta ya Sayansi ya Kompyuta au TEHAMA. Atamweleza mpaka lini afisa utumishi kwamba MCA si cheti cha kozi fupi? Bora MSc.

Kaka wa Pune
Mzee wangu, hoja unayo. MCA ni jina la kule kwao: walioanza na BCA wanamalizia na MCA, waliosoma uhandisi wanakwenda MTech, masta ya teknolojia. Kilichomo ni hichohicho: kanzidata, mifumo endeshi, uhandisi wa programu, na muhula wa mwisho ni mradi. Zamani ilikuwa miaka mitatu, wakaipunguza kuwa miwili kuanzia mwaka wa masomo 2020/21.

Nilichofanya mimi: kabla ya kuondoka nilikwenda TCU, tume yetu ya vyuo vikuu, kuhakikisha chuo kinatambulika na nikachukua barua ya kutokuwa na pingamizi. Niliporudi nikapeleka cheti kitambuliwe. Barua ya TCU nimeibana pamoja na cheti, afisa utumishi anasoma mwenyewe, mimi nakaa kimya.

Junior, jambo moja mawakala hawasemi kamwe. Watakuonyesha mabango ya wahitimu walioajiriwa na kampuni kubwa moja kwa moja kutoka chuoni. Hao ni Wahindi. Mgeni, ili apate viza ya ajira, kwa kawaida mshahara lazima ufike rupia laki 16 na robo kwa mwaka, na mhitimu mpya mara nyingi haanzii huko. (Laki yao ndiyo laki yetu, tuliichukua kwao, hapo hutapotea.) Viza ya mwanafunzi nayo haikuruhusu kufanya kazi. Nenda ukijua unarudi.

Mtoto wa Bweleo
Kabla hujakata tiketi, tazama Zanzibar. IIT Madras, chuo kikubwa cha teknolojia cha India, wamefungua tawi hapa 2023, wana MTech ya sayansi ya data na akili bandia. Kuna mtihani wao wa mchujo na usaili. Mhadhiri ni Mhindi, cheti ni cha IIT, na unakwenda kwa boti.

Mlandizi Junior
Wakuu, asanteni sana. Leo nimempigia wakala nikamuuliza swali moja tu: fomu ya NIMCET, kwenye uraia najaza nini? Kanyamaza, halafu kasema "hayo tutayashughulikia mbele ya safari". Laki mbili anasema hazirudi, ni za usajili.

Mtoto wa Bweleo, hilo la Zanzibar nalisoma usiku huu. Bi Mkubwa, shikamoo. Nikimaliza insha naomba nikutumie uitazame.

Bi Mkubwa wa Kisauni
Marahaba mwanangu. Tuma, lakini usiandike kuhusu Taj Mahal.

Hesabu Kali
Stakabadhi ya laki mbili unayo?

Mlandizi Junior
Ninayo. Ina muhuri, imeandikwa "maandalizi ya NIMCET".

Hesabu Kali
Safi. Hajaandika usajili, kaandika maandalizi ya mtihani usioruhusiwa kuufanya. Piga picha stakabadhi, nenda nayo kwake ukiwa na mtu mzima mmoja, umwambie kituo kinachofuata ni polisi. Na kesho asubuhi pitia kwa msajili kuhusu ile barua ya GPA.

Mlandizi Junior
Kesho nimeomba ruhusa dukani. Mjomba atanisindikiza kwa wakala, yeye ni mgambo mstaafu.