Mjadala: Ni haki mgeni kulipia kutembezwa Dharavi akiwa Mumbai?

Mleta mada

Wadau, naomba tulijadili hili kwa uzito wake. Ndugu zetu wengi wanakwenda Mumbai: mgonjwa na msindikizaji wake, mfanyabiashara, mwanafunzi. Wakipata nafasi ya kuzunguka mji huuliza waende wapi, na majibu yanajulikana. Gateway of India, lango lililokamilika 1924, ambalo kikosi cha mwisho cha Waingereza kilipita chini yake mwaka 1948 kikirudi kwao. Boti ya kwenda mapango ya Elephanta. Stesheni kuu ya Chhatrapati Shivaji. Haji Ali, kaburi la walii lililojengwa baharini, ambalo njia yake hufunikwa maji yakijaa. Na kwa sisi tuliokulia na filamu za Kihindi, studio za Film City kule Goregaon na mageti ya mastaa kule Bandra na Juhu.

Siku hizi limeongezeka jibu jingine: usirudi bila kutembezwa Dharavi, mtaa wa mabanda. Hilo ndilo ninalolileta hapa.

Kwa asiyepajua, Dharavi ipo katikati ya jiji, kati ya Mahim na Sion. Ukubwa wake ni kilomita za mraba mbili na ushee, na makadirio ya wakazi ni kuanzia 600,000 hadi 1,000,000. Zamani palikuwa kinamasi na kijiji cha wavuvi Wakoli. Wakaja wafinyanzi kutoka Gujarat, ambao mtaa wao, Kumbharwada, upo mpaka leo na tanuri zake zinafuka moshi nje ya nyumba. Wakaja Watamil na kazi ya ngozi. Leo plastiki nyingi iliyotupwa jijini inaletwa hapo, inachambuliwa kwa rangi, inasagwa, inayeyushwa, inauzwa upya. Pale kazi hailali.

Matembezi ya kulipia yalianza katikati ya miaka ya 2000. Kisha ikaja Slumdog Millionaire, filamu ya 2008 iliyopigwa kwa sehemu huko huko na kuchukua Oscar 8 mwaka uliofuata, na Dharavi ikajulikana hata kwa mtu asiyeijua India. Wakati ulimwengu unapiga makofi, wapo wakazi wa mitaa ya mabanda walioandamana kulipinga jina la filamu lenye neno "mbwa" ndani yake. Wageni hawakupungua.

Msimamo wangu: karakana za Dharavi mgeni aende, aone, anunue. Vichochoro vya nyumba visiuzwe, hata kama picha zimepigwa marufuku, hata kama fedha inarudi kusaidia wakazi.

Sababu yangu naichukua kutoka mji uleule. Kule Bandra, mbele ya bahari, ipo Mannat, nyumba ya Shah Rukh Khan. Kwa miaka mingi, siku ya Idi na siku yake ya kuzaliwa, tarehe 2 Novemba, umati umejaa barabarani naye akapanda juu ya ukuta wake akapunga mkono. Juhu, Amitabh Bachchan amezoea kutoka getini Jumapili kuwasalimia watu. Sina neno na hilo, maana mwenye nyumba ndiye anayeamua saa ya kuonekana, na akichoka anafunga geti. Mama wa Dharavi mlango wake unafunguka moja kwa moja kwenye kichochoro ambacho watu wawili hupishana kwa kujibana. Akiufunga anakosa hewa na mwanga. Akiuacha wazi, kundi la wageni linapita sentimita chache kutoka kwenye sufuria yake, wakimwona akimwogesha mtoto. Nani alimuuliza?

Karibuni, na mnipinge kwa hoja.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Mkuu, nakuheshimu lakini nakupinga karibu kila mahali.

Kwanza, waongozaji wenyewe ni vijana wa mle mle. Kampuni inayojulikana zaidi kwa kazi hiyo imejiwekea sharti la kutopiga picha na kutenga asilimia 80 ya faida kwa elimu na miradi ya wakazi. Ukiwafungia vichochoro, kijana anayejua Kiingereza kwa kuwa alikifanyia mazoezi na wageni unamrudisha wapi?

Pili, na hapa ndipo hoja yako inaponiuma. Unasema tuone karakana tuache nyumba. Yaani mgeni amwone mtu akiwa anafanya kazi tu? Amwone akisaga plastiki bila barakoa, kisha aondoke bila kujua kwamba mtu huyo ana mke, ana televisheni, ana mtoto anayesomea uhasibu? Wengi wanaokwenda kule wanaingia wakitarajia ombaomba na wanatoka wakizungumzia shule, misikiti, mahekalu na maduka ya simu. Picha hiyo huipati kwenye karakana. Unaipata kwenye mitaa ya watu.

Tatu, watu wa Dharavi wamefichwa miaka mingi kana kwamba ni aibu ya jiji. Kufichwa kuna madhara yake. Mtaa usioonekana ni rahisi kuubomoa.

Mchangiaji, Nairobi

Ndugu zangu, mambo haya tumeyaona Kibera. Kennedy Odede, mwanzilishi wa SHOFCO, shirika la kusaidia wakazi wa mitaa ya mabanda, alikulia hapo, na mwaka 2010 aliandika katika New York Times kupinga matembezi haya. Alieleza alivyokuwa kijana wa miaka 16, akiosha vyombo nje ya nyumba, mwanamke wa Kizungu akampiga picha. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba mgeni anapata picha, mkazi anapoteza kipande cha heshima yake, na mazungumzo ya kweli kati yao hayatokei.

Ndugu wa Dar, sharti la kutopiga picha ni zuri, lakini jicho nalo linachukua. Watu ishirini wakisimama mbele ya mlango wako wakisikiliza maelezo kuhusu choo unachotumia na jirani zako, kamera haina tofauti kubwa. Na hilo la vijana kuajiriwa, Kibera pia wapo waliopata kazi hiyo, nami siwezi kuwalaumu. Ninachouliza ni hiki: katika mtaa wenye watu laki kadhaa, waongozaji wangapi wanaongea kwa niaba ya milango yote ile?

Mchangiaji, Mumbai (masomoni)

Nawasoma nikiwa huku. Naona tunagombania vichochoro ambavyo huenda visiwepo.

Novemba 2022 kundi la makampuni la Adani lilishinda zabuni ya kuijenga upya Dharavi. Katika kampuni ya mradi wana asilimia 80, serikali ya jimbo hili la Maharashtra asilimia 20. Masharti yanasema mkazi wa ghorofa ya chini anayethibitisha kuwa alikuwepo kabla ya Januari 1, 2000 anapewa fleti ya futi za mraba 350 mle mle Dharavi. Waliokuja baada ya hapo, na wale wanaoishi juu, kwenye vyumba vinavyofikiwa kwa ngazi ya chuma, wanapangiwa makazi nje ya Dharavi. Fikirieni maana yake kwa fundi ambaye karakana ipo chini na kitanda kipo juu yake. Mfinyanzi naye tanuri lake ataliweka ghorofa ya ngapi?

Kwa hiyo kwangu swali ni mgeni anaambiwa nini. Mwongozaji akikupitisha Kumbharwada akakueleza habari hii, akakuambia nani anahesabiwa na nani hahesabiwi, amekupa kitu. Akikuonyesha mfereji wa maji machafu na sehemu filamu ilipopigwa, amekuibia wewe na amewaibia wakazi. Dada na kaka zangu mnaokuja huku, mwulizeni mwongozaji kuhusu mradi kabla ya kulipa.

Mleta mada

Nashukuru sana. Ndugu wa Dar, hoja yako ya pili imenifikirisha kuliko zote. Kumwona mtu kama mikono tu ni dhuluma, nakubali. Lakini dawa yake ni kualikwa. Mama wa Kumbharwada akitaka kuwapikia wageni wawili chapati na dali nyumbani kwake, kwa bei yake, fedha ikaingia mkononi mwake, siku atakayo yeye, hapo mgeni atamjua mume, televisheni na mtoto wa uhasibu. Jambo hilo ni tofauti kabisa na kupitisha msafara wa watu mbele ya majirani zake hamsini ambao hawakulipwa na hawakuombwa.

Hoja ya kwamba mtaa usioonekana hubomolewa kirahisi, mchangiaji wa Mumbai ameijibu bila kukusudia. Dharavi imetembezwa karibu miaka ishirini, imeingia kwenye filamu, imeandikwa duniani kote, na zabuni imepita. Kuonekana hakujawapa ulinzi mliowaahidi. Kinachowapa nguvu ni vyama vyao wenyewe, wanaobishana na wapimaji wa nyumba mlango kwa mlango.

Na mnaokwenda kwa ajili ya filamu, msikate tamaa. Lipo Jumba la Makumbusho ya Taifa ya Sinema ya India, Pedder Road, lililofunguliwa 2019, lina historia yote kuanzia enzi za Dadasaheb Phalke, mwasisi wa sinema ya India. Ipo pia Maratha Mandir, jirani na stesheni ya Mumbai Central, sinema ambayo tangu 1995 imejulikana kwa kuonyesha filamu ileile ya Shah Rukh Khan na Kajol, Dilwale Dulhania Le Jayenge, na watu bado wanakata tiketi. Humo utakaa na watu wa Mumbai gizani, mtaimba pamoja, na hakuna atakayekuwa maonyesho ya mwenzake.

Mchangiaji wa Mumbai, nakuomba jambo moja. Ukipata nafasi ya kuzungumza na mkazi ambaye kipato chake hakitokani na wageni, hasa mwanamke anayeshinda nyumbani, mwulize analionaje jambo hili, utuletee jibu lake hapa kama lilivyo, hata kama litakuwa kinyume na msimamo wangu.

Mchangiaji, Mumbai (masomoni)

Nimekubali. Ninaye mtu wa kuanza naye, mshonaji wa mikoba ya ngozi. Yeye anaishi juu, kwa ngazi.